Nishani za Uzi

Ndani ya marobota ya salaula, kama Wazambia wanavyoita mitumba, hutokea jaketi la kijeshi lililotoka Ulaya au Marekani likiwa bado na beji ya kitambaa begani: tai wa kudarizi, namba ya kikosi, au mistari ya rangi inayoiga utepe wa nishani ya vita fulani. Mchuuzi wa Kashikishi, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Mweru katika wilaya ya Nchelenge, ana sababu ya kulitazama jaketi hilo mara mbili. Zambia hairuhusu raia kuvaa sare za mabakamabaka, na polisi hawalichukulii jambo hilo kwa mzaha. Jaketi la kijani tupu linauzika. Lenye beji linataka wembe kwanza.

Beji za namna hiyo ni biashara kubwa huko zilikotoka. Wanajeshi wastaafu wa Marekani huzishona kwenye vizibao vyao vya ngozi, na mtu aliyepigana Vietnam humtambua mwenzake kwa kuona tu njano yenye mistari mitatu myekundu katikati na kijani pembeni, rangi za nishani ya utumishi wa vita hivyo. Nishani yenyewe hutolewa na serikali, kwa orodha na kwa sahihi. Beji hununuliwa dukani au hushonwa na fundi. Hapo ndipo wapenda taratibu hukunja uso: heshima gani hii inayouzwa kwa bei ya kofia?

Swali lao lina uzito kidogo ukilisikia Ulaya. Ukilisikia Mweru, linapwaya. Katika nchi hii ya mto Luapula, waliotumwa vitani walikuwa wengi kuliko waliopewa chuma cha kuning'iniza kifuani, na kwa zaidi ya miaka 100 watu wamejishonea wenyewe kile ambacho dola ilisahau, au ilikataa, kuwapa.

Chuma chenyewe, kwanza. Northern Rhodesia Regiment, kikosi cha koloni lililokuja kuwa Zambia, iliundwa mwaka 1933 kutokana na tawi la kijeshi la polisi wa koloni hilo. Agosti 1940 askari wake walikuwa kwenye vilima vya Tug Argan, katika Somalia ya Waingereza, wakijaribu kuwazuia Waitalia waliokuwa wengi mno kwao. Baadaye wakapelekwa Madagaska, kisha Burma. Huko batalioni moja yao ilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, pamoja na askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland. Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw katika msimu wa mvua wa 1944, kwenye matope yaliyozamisha malori na malaria iliyoangusha watu wengi kuliko risasi, ikaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Kila mmoja wao alivaa begani kipande cha nguo chenye kichwa cha kifaru. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yao mbele ya dunia, na ilikuwa ya kitambaa.

Nishani nyingi za vita hivyo zilikuwa nyota za ncha sita, za mchanganyiko wa shaba na zinki. Jambo moja kuzihusu halitajwi mara nyingi: Waingereza walizitoa bila jina. Zile za Vita Kuu ya Kwanza zilichorwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi, hivi kwamba hata leo mnunuzi wa mnadani anaweza kumfuatilia mwenye nayo hadi kaburini. Nyota za Vita ya Pili ni bubu. Ukiweka mbili mezani, ya jenerali na ya kuruta wa Luapula, hutajua ipi ni ya nani.

Kinachosema ni utepe. Ule wa Nyota ya Burma una mstari mpana mwekundu katikati kwa ajili ya majeshi ya Jumuiya ya Madola, na bluu iliyokoza kila upande iliyokatwa na rangi ya chungwa, ambayo ni jua. Nyota ya Afrika ina rangi ya mchanga wa jangwa, nyekundu ya jeshi la nchi kavu katikati, bluu nzito ya wanamaji upande mmoja na bluu nyepesi ya wanahewa upande wa pili. Nishani ya Ulinzi ina chungwa la moto katikati, kijani pembeni, na nyuzi mbili nyeusi za usiku ule wa kuzima taa kwa hofu ya mabomu. Mtu anayezijua rangi hizi husoma kifua cha mzee kabla mzee hajafungua mdomo.

Tena utepe ulitangulia. Nyota ya Afrika ilitangazwa 1943, vita vikiwa katikati, na wakati wa vita askari walipewa kitambaa peke yake cha kushona kwenye shati. Nyota zenyewe zilichongwa baada ya bunduki kunyamaza, metali ilipopatikana kwa kazi nyingine. Kwa hiyo aliyevuliwa magwanda mapema akapanda lori kurudi kwao alirudi na rangi kifuani, chuma kikiwa bado hakijafuliwa. Wanaosema beji ya nguo ni nishani ya bandia wangekumbuka kwamba kwa askari wengi ndiyo iliyokuwa nishani ya kwanza.

Hao, walau, walikuwa na bunduki na namba ya kikosi. Waliowatangulia hawakuwa na hata hivyo. Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki ilibebwa kichwani. Waingereza peke yao walitumia karibu wapagazi milioni moja, na hesabu rasmi inakiri vifo zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Dar es Salaam ina Kariakoo na Nairobi ina Kariokor, mitaa iliyopata majina kutoka kwenye kambi za watu hao. Kaskazini mwa Zambia waliitwa tenga-tenga. Mizigo ilishuka reli Ndola, ikafikishwa Luapula, ikapakiwa kwenye mitumbwi na kukatishwa vinamasi vya Bangweulu mpaka mto Chambeshi, kisha Kasama, kuelekea mpaka wa Wajerumani. Unga, risasi, dawa, chumvi: vyote vilipita mikononi mwa wapiga kafi wa bonde hili, watu waliozijua njia za maji ambazo hakuna ramani ya jeshi iliyokuwa nazo. Ni kwenye Chambeshi hiyo hiyo ndipo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipopata habari, siku kadhaa baada ya Ulaya kusimamisha mapigano, kwamba vita vimekwisha. Akajisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918.

Mpagazi alipewa kipande kimoja cha metali, nacho kilikuwa kisahani chenye namba, cha kumtambua akifa njiani. Serikali ya Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi: wafanyakazi weusi wa kikosi chake cha kazi waliovuka bahari hadi Ufaransa ilikataa kuwapa nishani ya shaba waliyostahili, ingawa wenzao kutoka Basutoland, Bechuanaland na Swaziland, waliofanya kazi ile ile, walipewa. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika utumishi wa dola hiyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa yao ni Waafrika wa Afrika Mashariki. Kukiri huko kulichukua zaidi ya karne.

Watu wenyewe hawakusubiri ripoti. Walikuwa tayari na ngoma.

Beni ilizaliwa pwani ya Waswahili, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana walichukua tarumbeta na ngoma za Wazungu, wakachukua na gwaride, na vyeo, na mavazi. Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi. Upande wa Tanganyika vyama viwili vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti: Marini wakijiona mabwana, wanamaji waungwana wenye nguo nyeupe, Arinoti wakijivunia kuwa watu wa nchi kavu wasioogopa vumbi. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali, manahodha, madaktari, na mabibi wenye vyeo vyao. Kila cheo kilikuwa na alama ya kuvaliwa, na alama hiyo haikutoka ghala la jeshi. Fundi wa mtaani aliikata kwenye kitambaa na kuishona. Terence Ranger, aliyeandika historia ya beni na kuichapisha 1975, alionyesha jinsi vita vilivyoisambaza: askari na wapagazi walioichezea kambini, wa upande wa Wajerumani na wa upande wa Waingereza, waliibeba hadi vijijini kwao walipoachiliwa.

Huko Rhodesia ya Kaskazini ikaitwa mbeni, ikaingia mashambani na migodini. Maofisa wa koloni walishindwa kuamua wacheke au waogope. Mpishi wa bwana mkubwa Jumapili alikuwa gavana, mwenye kamba ya dhahabu begani na watu 40 wakimpigia saluti. Migomo ya Copperbelt ilipozuka 1935, tume ya uchunguzi ilikaa kuwahoji wana-mbeni kana kwamba ni jeshi la siri. Hawakuwa hivyo. Walikuwa chama cha kuzikana, cha kusaidiana mtu akiugua mbali na kwao, na cha kupendeza. Lakini tume haikukosea kabisa kuhisi kuna jambo. Watu waliobeba vita vya wengine bila kupewa alama walikuwa wamejigawia alama, wakapanga wenyewe nani anastahili ipi.

Mbeni ilizaa kalela, ngoma ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu kidogo mwaka 1956 baada ya kuitazama Luanshya. Wachezaji aliowasoma walikuwa Wabisa wa Bangweulu, jirani wa Luapula. Magwanda na saluti vilikuwa vimepungua. Vijana walivaa suruali safi zilizopigwa pasi, viatu vya kung'aa na singleti nyeupe. Alama za kushonwa zilikuwa bado zipo. Mmoja alikuwa daktari, mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani. Na dada muuguzi, mwanamke pekee katika kundi, alipita na kioo na leso ili wachezaji wajipambe na kufuta jasho. Msalaba kama ule ulijulikana pia katika kambi za vita. Wasomi wamebishana miaka mingi kama kalela ilikuwa kuiga Wazungu, kuwakejeli, au kuwasahau. Huenda ubishi huo ni wa wasomi zaidi kuliko wa wachezaji: aliyeshona msalaba ule alikuwa anasema kundi lake lina daktari, basi.

Lipo pia tumbo lisiloshiba alama. Idi Amin alianza King's African Rifles mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha. Baada ya kutwaa Uganda alijigawia nishani zenye herufi zile zile za zile kubwa za Uingereza, V.C. ikiwa ya kwanza, akajitangaza mshindi wa dola ya Waingereza, na kifua chake kikawa kichekesho cha wachora katuni duniani kote. Mfano huu hutajwa kila anapotaka mtu kudharau nishani za kujipa, na hutajwa vibaya. Jenerali wa beni alivaa nyota Jumapili mbele ya watu waliomjua kuwa mpishi. Mchezo ulikuwa wazi, na chama kingeweza kumvua. Amin alikuwa na jeshi la kuwanyamazisha wanaocheka.

Vita havikuliacha ziwa hili hata baada ya uhuru. Ukisimama ufukweni Kashikishi, Kongo iko ng'ambo, na Kiswahili cha Katanga huvuka na samaki. Mwishoni mwa 2000 waasi wa RCD na jeshi la Rwanda waliiteka Pweto, mji ulio kaskazini mwa ziwa pale mto Luvua unapotokea, na wanajeshi wa Kinshasa na wa Zimbabwe wakakimbilia upande wa Zambia pamoja na makumi ya maelfu ya raia. Mwaka 2018 wimbi jingine la wakimbizi kutoka mikoa ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika lilisababisha kufunguliwa kwa makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya hii hii ya Nchelenge. Kwa familia hizo beji begani mwa mtu si pambo. Ni jibu la swali la kwanza kabisa: huyu ni wa nani?

Beji inayojulikana zaidi katika vita vya Kongo ni ya bluu. Umoja wa Mataifa uliingia nchini humo Julai 1960, na miezi 14 baadaye Katibu Mkuu wake, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, akiwa njiani kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Walinda amani wa wakati ule walipewa kwanza utepe wa bluu na nyeupe uliokuwa wa ujumbe mwingine, ukiwa na kibao kidogo kilichoandikwa Congo. Baadaye ukabuniwa wa kwao wenyewe, wenye kijani katikati.

Umoja wa Mataifa umeshika utaratibu huo hadi leo. Kisahani cha nishani ni kimoja kwa dunia nzima, chenye nembo yake mbele na maneno ya kutumikia amani nyuma. Ujumbe ukibadilika, hubadilika utepe tu. Batalioni za Zambia zilizokwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu 2015 zimerudi na rangi za huko, kwa masharti ya kawaida ya siku 90 za utumishi. Wenzao waliotumwa Sierra Leone, ambako mamia ya walinda amani, wengi wao Wazambia, walitekwa na waasi mwezi Mei 2000, wana rangi nyingine. Beji ya kudarizi inayoiga utepe huo, ikishonwa kwenye begi au kofia, humtambulisha mtu kwa wale tu waliokuwa naye huko.

Moja ya nishani za umoja huo haina utepe kabisa. Ilianzishwa 1997 kwa jina la Hammarskjöld, kwa ajili ya waliokufa kazini: yai la kioo safi, lililochorwa jina na tarehe ya kifo. Familia za Watanzania 15 waliouawa baada ya kambi yao kushambuliwa Semuliki, Kivu ya Kaskazini, Desemba 2017, zinaijua aina hiyo ya heshima. Haiwezi kubandikwa kifuani, na hakuna mtu wa kuivaa.

Upande wa Wabelgiji, heshima ilichelewa kwa namna nyingine. Tarehe 8 Juni 2022, Kinshasa, Mfalme Philippe alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyehesabiwa kuwa wa mwisho aliye hai kati ya Wakongo waliotumika Vita ya Pili. Kunyuku alikuwa Burma pamoja na hospitali ya kijeshi ya Kongo. Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lilikuwa limeingia Tabora mwaka 1916 na kuwapokea Waitalia waliosalimu amri Saio, Ethiopia, mwaka 1941, na wengi wa watu wake hawakuishi kuona mfalme akiinama.

Basi mtu wa Nchelenge ambaye babu yake alikuwa Burma, na ambaye hana nyota wala picha, afanye nini? Kudarizi si tatizo. Kila sweta la shule nchini Zambia lina nembo, na mashine inayotoa nembo hiyo inaweza kutoa mistari ya utepe: mchoro unaingizwa kwenye kompyuta, kitambaa kizito kinabanwa kwenye fremu, sindano inabadilisha uzi rangi moja baada ya nyingine, ukingo unazungushiwa mshono mnene ili usichanike, na nyuma inawekwa gundi inayoshika kwa pasi. Uzi wa poliesta hustahimili jua na sabuni ya kipande kuliko utepe wa hariri.

Kuna mahali fundi hukosea. Nyota ya Burma ni sawa pande zote mbili, hata ikigeuzwa haina neno. Nyota ya Afrika na ile ya 1939–45 zina upande: bluu iliyokoza lazima iwe mbali na bega la kushoto la mvaaji, yaani kushoto kwa anayemtazama. Mchoro ukiingizwa kinyume, mzee yeyote aliyewahi kuivaa ataliona kosa hilo akiwa hatua 10.

Anayetaka chuma bado ana njia. Ofisi ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza hupokea maombi ya ndugu wa karibu kwa nishani za Vita ya Pili ambazo hazikuwahi kuchukuliwa, mradi waonyeshe uhusiano wao na utumishi wa marehemu. Za Vita ya Kwanza hazitolewi tena. Mjukuu wa mpiga kafi wa Luapula kwa hiyo hana fomu ya kujaza. Akitaka beji itabidi aibuni mwenyewe, achague rangi, na amwambie fundi aanze na ipi.